Macho ya Samaki Si Tusi

Nilipokuwa fildi mwaka jana, niliita mahudhurio ya kidato cha pili nikakwama kwenye jina Meenakshi. Nikamuuliza maana yake. "Macho ya samaki, mwalimu." Darasa zima likacheka. Na mimi, mwalimu mtarajiwa, nikacheka nao. Yule binti hakunyoosha mkono tena wiki ile.

Baadaye nikasoma. Kumbe Meenakshi ni mungu wa kike wa mji wa Madurai, kusini mwa India. Kwa Kisanskriti, mina ni samaki, akshi ni jicho. Huko, jicho lenye umbo la samaki ni sifa ya uzuri. Sisi wenyewe tunamsifu dada kwa mguu wa bia, na hakuna anayedhani ananuka pombe! Tena husimuliwa kuwa samaki hulea mayai yake kwa kuyatazama tu, na mama huyo huwalinda watu wake vivyo hivyo.

Kaskazini yupo Shitala, maana yake "aliye baridi". Ajabu ni kwamba ndiye aliyehusishwa na ndui, ugonjwa wa homa kali. Watu walimwita kwa kile walichomwomba, yaani nafuu. Si ndiyo tafsida tuliyosoma? Siku yake familia nyingi haziwashi jiko, zinakula kiporo.

Ila tusidhani kila jina lina mzizi wa Kisanskriti. Mariamman wa Watamil ni jina la nyumbani: amman ni mama kwa Kitamil, na mari wengi huieleza kuwa mvua. Hata ile mina, wanaisimu wengi wanaona Kisanskriti kiliiazima kutoka lugha za kusini, maana kwa Kitamil samaki ni min. Anayelazimisha kila kitu kiwe Kisanskriti ni sawa na anayesema Kiswahili chote ni Kiarabu: ameona "kitabu", hajaona "maji", "moto" na "mtu".

Wiki iliyofuata nilimwomba radhi yule binti mbele ya wenzake, nikaandika mina na akshi ubaoni. Akanyoosha mkono. Alitaka kunisahihisha matamshi.

Basi wewe unayekwenda fildi mwaka huu, uliza maana ya jina, kisha sikiliza maelezo yote kabla hujacheka.