Beji za jeshi la majini la Ujerumani: Ushahidi ndio bei

KATIKA minada ya Ulaya na Marekani, beji moja ya mabaharia wa nyambizi za Ujerumani wa Vita Kuu ya Pili huuzwa kwa mamia ya dola. Beji nyingine yenye sura ile ile, na hata jina lile lile la mtengenezaji mgongoni, haifikishi bei ya chakula cha mchana.

Tofauti hiyo haitokani na madini, kwani yote ni ya bei ndogo. Inatokana na ushahidi kwamba ya kwanza ilitengenezwa kabla ya Mei 1945 na ya pili baada ya hapo. Mfanyabiashara asiyeweza kuusoma ushahidi huo hununua chuma kwa bei ya historia.

Uhaba na bandia

Soko hili linaendeshwa na uhaba. Beji ya nyambizi ilianzishwa Oktoba 13, 1939, na kwa kawaida ilitolewa kwa baharia aliyemaliza safari mbili za vita. Ikafuata beji ya destroya Juni 1940, na ya meli za kufagia mabomu ya baharini Agosti mwaka huo. Mwaka 1941 zilikuja za meli za biashara zilizogeuzwa kwa siri kuwa za kivita, za manowari kubwa, za boti za kasi za topido na za mizinga ya pwani.

Kati ya watu wapatao 40,000 waliotumikia nyambizi hizo, karibu 30,000 hawakurudi. Beji nyingine zilizama na wenyewe. Nyingine zilichukuliwa na askari wa Uingereza na Marekani mwaka 1945 wakaenda nazo makwao kama kumbukumbu.

Penye uhaba bandia haikosekani. Zipo karakana zilizobaki na mihuri yao ya kupigia beji na kuendelea kuitumia vita vilipokwisha. Aidha, Julai 26, 1957 Ujerumani Magharibi ilitoa sheria iliyowaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani zao, mradi swastika iwe imeondolewa. Beji hizo za 1957 si bandia. Ni bidhaa halali ya bei ya chini. Udanganyifu huanza pale muuzaji anapozinadi kuwa ni za wakati wa vita.

Kusoma chuma

Beji za miaka ya kwanza ya vita nyingi zilitengenezwa kwa tombaki, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, na kupakwa rangi ya dhahabu inayodumu. Vita vilipokaza na shaba kuadimika, watengenezaji walihamia kwenye zinki. Dhahabu ya juu ya zinki hupotea haraka na kuacha sura ya kijivu. Kwa sababu hiyo beji iliyochujuka inaweza kuwa ya kweli, na inayong'aa ikawa ya juzi.

Mnunuzi mwenye lenzi ya kukuzia aanze na kingo. Beji iliyopigwa kwa muhuri wa chuma huwa na herufi na manyoya ya tai yenye ncha kali. Nakala iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo vya hewa, herufi zilizovimba na mstari wa maungio pembeni. Tena, kwa kuwa chuma hunywea kinapopoa, nakala iliyotolewa kwenye beji halisi hupungua kidogo. Kipimo cha fundi kinachosoma sehemu za milimita hugundua jambo hilo mara moja.

Baada ya hapo ni mgongo. Kila mtengenezaji alikuwa na namna yake ya kufunga pini, bawaba na kulabu. Beji yenye maandishi ya Schwerin, Berlin 68, lazima iwe na bawaba na kulabu za Schwerin. Jina peke yake si uthibitisho, kwa kuwa jina ndilo kitu cha kwanza kinachoigwa.

Sare na nyuzi

Sare zina mtego wake. Tai wa kifuani wa jeshi la majini alikuwa wa rangi ya dhahabu, tofauti na wa jeshi la nchi kavu. Nguo zilizotoka bohari za serikali huwa na mihuri kama BAK kwa Kiel na BAW kwa Wilhelmshaven. Namba ya baharia huanza kwa O ikiwa alisajiliwa upande wa Bahari ya Baltiki, au N kwa upande wa Bahari ya Kaskazini.

Utepe wa kofia nao husema. Kabla ya vita ulikuwa na jina la meli. Vita vilipoanza, kwa ajili ya kuficha siri, mabaharia walipewa wenye neno moja tu, Kriegsmarine. Utepe wenye jina la meli maarufu huvuta bei kubwa, na kwa hiyo huvuta waghushi wengi zaidi.

Ile taa ya kukagulia noti bandia inafaa hapa. Nyuzi nyingi za kisasa, na dawa za kung'arisha zilizoenea katika sabuni baada ya vita, hung'aa chini ya mwanga wake. Hata hivyo taa isipewe hukumu ya mwisho: koti la kweli lililofuliwa kwa sabuni ya miaka ya karibuni litang'aa pia. Kinachotia shaka zaidi ni koti lisilong'aa lenye tai aliyeshonwa kwa uzi unaong'aa. Hapo nguo inaweza kuwa ya zamani na tai akawa ameongezwa.

Karatasi na hadithi

Beji inayokuja na cheti cha kutunukiwa na kitabu cha malipo cha askari yule yule hupata bei nzuri kuliko beji tupu. Lakini karatasi nazo hughushiwa. Jina, cheo, chombo na tarehe sharti viafikiane. Cheti cha beji ya nyambizi chenye tarehe ya Agosti 1939 hakihitaji mtaalamu. Beji yenyewe ilikuwa haijaanzishwa. Kumbukumbu za askari wa Ujerumani ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho nchini humo, na maombi ya kuulizia hupokelewa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayeanza na hadithi ndefu ya babu aliyemteka kapteni, huku akikataa beji isigeuzwe mgongo, amekwisha kujieleza.

Mali halali isiyo na soko

Hata bidhaa ya kweli inaweza kukosa soko. Ujerumani inakataza kuonyesha swastika hadharani isipokuwa kwa makusudi kama elimu, sayansi na historia. Baada ya mahakama ya Paris kuiamuru Yahoo mwaka 2000 kuwazuia Wafaransa wasifikie minada ya vitu vya Kinazi, kampuni hiyo iliviondoa mwaka 2001. eBay ikaweka katazo lake mwaka huo huo.

Mfano mkubwa uko Uruguay. Tai wa shaba wa manowari Admiral Graf Spee, mwenye zaidi ya kilo 300, aliibuliwa karibu na Montevideo mwaka 2006. Hakuna aliyetilia shaka uhalisi wake. Ikafuata miaka ya kesi, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamua kuwa ni mali ya serikali. Waliowekeza katika kumwibua hawakumpata.

Hesabu ya mwekezaji

Chukua mfano wa beji iliyopigwa mnada kwa dola 500. Mnunuzi akiongezewa ada ya asilimia 20, anatoa dola 600. Akiiuza baadaye kwa dola 500 zile zile na dalali akakata asilimia 15, anapokea dola 425. Amepoteza dola 175 bila bei ya soko kushuka. Ili arudishe fedha yake tu, mnada unapaswa kufika dola 706. Na ikigundulika kuwa ni bandia, hasara ni ya zote 600.

Kwa Tanzania, ambako habari za mali zilizofukiwa na Wajerumani hazijaisha, kuna kipimo rahisi. Majeshi ya Ujerumani Afrika Mashariki yalisalimu amri Novemba 1918. Swastika haikuwekwa kwenye sare za majini hadi 1934. Mabaki ya kweli ya wanamaji hao, kama mzinga wa manowari Königsberg ulioko Fort Jesus, Mombasa, ni ya enzi ya Kaisari. Beji yenye swastika inayodaiwa kufukuliwa kwenye boma la Mjerumani haikufukiwa na Mjerumani yule.

Mnunuzi adai maandishi ya muuzaji yanayotaja kipindi cha kutengenezwa, pamoja na haki ya kurudishiwa fedha ndani ya muda uliopangwa. Muuzaji akikataa masharti hayo, fedha ibaki mfukoni.