Jengo la kupangisha Kariakoo: Hasara haimwondolei mmiliki kodi

MAJENGO ya kupangisha katikati ya jiji la Dar es Salaam yamekuwa yakihesabiwa na wengi kuwa uwekezaji usio na hasara. Imani hiyo ndiyo iliyogeuza nyumba za Kiswahili za mitaa ya Kariakoo kuwa maghorofa yenye fremu za maduka chini na stoo juu. Hata hivyo, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina vifungu vinavyoweza kumfanya mwenye jengo apate hasara na bado alipe kodi.

Chanzo ni kodi ya zuio. Mpangaji anayelipa pango hutakiwa kukata asilimia 10 na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Makato hayo hufanywa katika pango lote, si katika faida inayobaki baada ya kutoa riba ya benki, matengenezo na ulinzi.

Tuchukulie mfano wa mmiliki aliyekopa Sh400 milioni kwa riba ya asilimia 16. Mwaka wa kwanza atalipa riba ya Sh64 milioni. Iwapo anakusanya pango la Sh70 milioni, na matengenezo, ulinzi na bima vinamgharimu Sh10 milioni, tayari ana hasara ya Sh4 milioni. Lakini wapangaji watakuwa wamekata Sh7 milioni za kodi ya zuio. Upungufu wake wa fedha taslimu unafikia Sh11 milioni, kabla hajarejesha hata shilingi moja ya mkopo wenyewe.

Kinachofuata hutegemea namna anavyotambuliwa kisheria. Kwa mtu binafsi ambaye upangishaji si biashara yake, makato hayo ni kodi ya mwisho. Hasara yake haimsaidii kitu. Anayeendesha upangishaji kama biashara, mwenye vitabu vya hesabu na anayewasilisha ritani, huhesabiwa kuwa Sh7 milioni hizo amezilipa mapema. Anaweza pia kutoa gharama ya uchakavu wa jengo, asilimia tano kwa mwaka, na kuibeba hasara hadi miaka inayofuata.

Mtego mwingine huwakabili wafanyabiashara wenye duka na jengo kwa pamoja. Hasara iliyotokana na uwekezaji hairuhusiwi kupunguza faida ya biashara. Hupunguza mapato ya uwekezaji peke yake. Anayetegemea pango dogo la ghorofani limpunguzie kodi ya dukani amekosea hesabu. Kwa kampuni, hasara isiyokoma ya mwaka husika na miaka miwili iliyotangulia huleta kodi inayokokotolewa kwa mauzo, hata kama faida haipo.

Suala la kilemba nalo huwaponza wengi. Wamiliki huyaona malipo hayo ya mkupuo kuwa ni mapatano ya pembeni, ilhali sheria inaihesabu fedha anayolipa mpangaji ili apewe mkataba kuwa sehemu ya pango. Asiyeitaja katika mkataba hujiweka katika hatari ya kudaiwa kodi, riba na adhabu baadaye, wakati fedha yenyewe imekwisha kutumika.

Zipo pia gharama zisizojali kama jengo lina wapangaji au la. Kodi ya majengo, inayokatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU tangu Agosti 2021, ilipandishwa mwaka 2023 kutoka Sh60,000 hadi Sh90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Riba ya benki haisubiri mpangaji.

Na wapangaji hutikisika. Maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa migomo Mei 2023 na tena Juni 2024, wafanyabiashara wakilalamikia masuala ya kodi. Julai 2025 Serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina kadhaa za biashara ndogo, hatua inayowahusu moja kwa moja wamiliki waliokuwa wamewapangisha wageni fremu zao.

Hatari kubwa kuliko zote ni jengo lenyewe. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, likaua watu wasiopungua 29, na wamiliki wake wakafikishwa mahakamani mwezi huohuo. Anayechimba chini ya jengo la zamani ili aongeze fremu huhatarisha roho za watu, na hakuna hasara ya kikodi inayofidia msiba huo.

Wazee wa mjini wanakumbuka mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000, na yaliyozidi umri wa miaka kumi hayakulipwa fidia. Zama hizo zimepita, lakini funzo limebaki kwamba jengo haliwezi kuhamishwa sheria zinapobadilika.

Kwa anayetaka kuwekeza leo, hesabu ya busara huanza na pango baada ya kutoa asilimia 10, riba yote, na angalau miezi kadhaa ya fremu tupu. Mkataba utaje nani anabeba kodi ya zuio, na mmiliki adai kwa mpangaji cheti cha kila makato. Bila cheti hicho, ni vigumu kuithibitishia TRA kwamba kodi hiyo ilikwisha kulipwa.