Mayai ya Bata Hayafuati Kalenda ya Kuku: Panga Stima Kwanza

Ukiwa umezoea kuangua kuku, utahesabu siku 21 halafu ushangae mbona kimya. Yai la bata wa kawaida huchukua siku 28. Wale wenye uso mwekundu wa vinundu, Muscovy, hufika siku 35. Kwa hivyo kabla ya kuuliza joto liwe ngapi, jiulize: tokeni zitafika siku ya mwisho?

Tuchukue inkubeta ndogo ya wati 80. Ikiwaka bila kupumzika, inakula karibu yuniti 2 kwa siku: 40 kwa kuku, 54 kwa bata wa kawaida, 67 kwa Muscovy. Kwa kweli hita huwaka na kuzima, kwa hivyo utatumia chini ya hapo, lakini weka bajeti ya ile hesabu kubwa. Taa, TV na friji zinakula mita hiyo hiyo. Nunua tokeni kwa simu kila wiki, usingoje mita ilie saa nane usiku.

Ukinunua mayai kwa jirani ama sokoni Rongo au Oyugis, uliza yametagwa lini; yakizidi wiki moja, nafasi ya kuanguliwa hupungua. Uliza pia kama kuna dume, maana bila dume hayo ni ya kukaanga tu. Muuzaji akiwa mbali, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Mayai yakifika kwa boda, yaache yatulie siku nzima, ncha iliyochongoka ikiangalia chini.

Joto la inkubeta yenye feni ni nyuzi 37.5. Hiyo ni rahisi. Unyevu ndio huwashinda wengi. Bata anataka asilimia 55 hadi 60, halafu siku tatu za mwisho upandishe mpaka 70 hivi. Ukavu ukizidi wakati huo, utando wa ndani hukauka na kumbana kifaranga akiwa tayari ametoboa ganda, na hapo ndipo watu hupoteza mwezi mzima wa stima. Lakini ukimwaga maji mengi tangu siku ya kwanza, yai halipotezi unyevu wa kutosha na kifaranga hukosa nafasi ya hewa.

Na usidanganywe na upepo wa ziwa ukiwa Mbita ama Kendu Bay. Hewa ikipashwa joto ndani ya mashine, unyevu wake hushuka. Weka kipima unyevu, kisha uamini namba.

Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, uache siku ya 25 (Muscovy, siku ya 32). Siku ya saba, mulika kwa tochi ya simu gizani: lenye mishipa lina uhai, lililo wazi kabisa litoe.

Stima ikipotea, usifungue mashine kuchungulia. Ifunike blanketi, uache matundu ya hewa wazi. Mayai yaliyopita nusu ya safari huvumilia saa kadhaa, kwa hivyo usitupe chochote kabla ya kumulika tena.

Vifaranga wakitoka, waache ndani mpaka wakauke, hata siku nzima. Kiini kilichobaki tumboni kinawalisha. Kwa hivyo kwenye ile bajeti ya tokeni, ongeza siku mbili.