Mafunzo ya Ayurveda saluni: Chunguza kabla ya kulipa karo

JE, una binti au kijana aliyemaliza shule na anataka kujifunza kazi ya kukanda mwili kwa mafuta? Au wewe mwenyewe una saluni Kitale au Bungoma na ungependa kuongeza huduma? Huenda umeambiwa kwamba saluni fulani inafundisha Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, na kwamba cheti hupatikana kwa wiki chache tu. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, zingatia haya.

Kwanza, elewa unachonunua. Ayurveda ni neno la Kisanskriti lenye maana ya elimu ya maisha. Ndani yake mna chakula, mitishamba, usingizi, mazoezi na kukandwa. Nchini India, daktari wa Ayurveda husoma miaka mitano na nusu, mmoja kati ya hiyo ukiwa wa mafunzo ya vitendo. Kwa hivyo, hakuna saluni itakayokufanya daktari.

Inachoweza kukufundisha vyema ni kazi ya mikono: kukanda mwili kwa mafuta ya simsim au ya nazi yaliyopashwa moto, kukanda kichwa, na kusugua ngozi kwa unga wa dengu na manjano. Hii ni kazi ya heshima. Lakini mwalimu akikuahidi kwamba utatibu kisukari, shinikizo la damu au utasa, muage uende zako.

Nenda ukajionee

Tembelea saluni hiyo siku yenye wateja wengi. Je, wanafunzi wanakanda watu, au wanafagia na kufua taulo? Uliza utakanda watu wangapi kabla ya kumaliza, na nani atasimama kando yako akikurekebisha. Kisha lipa kama mteja, ukandwe na mwanafunzi aliyekaa miezi kadhaa. Mwili wako utakupa jibu.

Angalia kama amenawa mikono, amebadilisha shuka, na amejaribu joto la mafuta kwenye kifundo cha mkono wake kabla ya kukugusa. Mafuta hupashwa kwa kutia chombo chake ndani ya maji moto, si kuwekwa juu ya jiko.

Sasa muulize swali moja: "Ni mteja gani usiyemkanda?" Aliyefunzwa vizuri atakutajia mwenye homa, mwenye kidonda au ugonjwa wa ngozi, na mjamzito ambaye hajapata ushauri wa kliniki. Atamtaja pia mtu ambaye mguu mmoja umevimba, una joto na unauma. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiukanda mguu huo, donge laweza kung'oka, likaenda mapafuni na kumuua. Mtu huyo apelekwe hospitali mara moja. Shule isiyofundisha hili haifai, hata kama karo yake ni nafuu.

Jihadhari pia na saluni inayowapa wanafunzi unga na tembe za kuuza. Mwaka 2004, watafiti mjini Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani. Dawa 14 zilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki.

Cheti cha nani?

Uliza kama shule imesajiliwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, TVETA, na uonyeshwe hati yenyewe. Uliza pia kama utafanya mtihani wa urembo wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Cheti kilichotiwa sahihi na mwenye saluni peke yake huenda kisikufae ukiomba kazi kwingine.

Pitia vyuo vya umma pia, kama kile cha Kitaifa cha Kitale au cha Sang'alo, Bungoma, ulinganishe kozi na karo. Ukitoka Bungoma kwenda Kitale kila siku kupitia Webuye, jumlisha nauli. Karo ilipwe kwa awamu, na kila awamu iwe na risiti.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usivutwe na mabango. Anayelala kitandani pako ameuweka mwili wake mikononi mwako, na siku ya hatari, utakayejibu ni wewe.