Mpunga upandwe pamoja, watoto wapate saa ya kucheza



Mara nyingi katika gazeti hili tunaongea juu ya mbegu, magonjwa ya muhogo na bei ya mchele. Leo tunaongea juu ya michezo ya watoto. Msishangae: hapa Shabunda muda wa mtoto kucheza na wenzake unapangwa shambani, siku ile baba na mama wanaamua kupanda.

Tuangalie siku ya mtoto wa mkulima. Alfajiri anateka maji na bido. Kisha anaenda ku masomo, akirudi anachunga mdogo wake, anachambua sombe, na mpunga ukiwa karibu kukomaa anafukuza ndege mpaka jua linazama. Jirani naye ana mtoto wa umri ule ule, lakini yuko katika shamba lingine, peke yake, anapiga debe lake. Watoto wawili wanapendana, na wiki nzima hawaonani.

Kumsaidia mzazi ni malezi, hakuna anayekataa. Lakini mchezo nao ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989 juu ya haki za mtoto unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nchi yetu iliukubali mwaka 1990, na sheria ya ulinzi wa mtoto ilitoka tarehe 10 Januari 2009. Wazazi wenyewe wanajua sababu: katika mchezo mtoto anajifunza kuhesabu, kungoja zamu yake, kushindwa bila kupigana na kupatana tena.

Basi muda utatoka wapi? Tuanze na ndege, maana njo wanakula saa nyingi za watoto.

Mpunga unahitaji ulinzi tangu punje zina maziwa mpaka mavuno, karibu wiki 4. Tuseme jamaa 4 zina mashamba yanayopakana, na kila moja inapanda wiki 2 nyuma ya mwenzake. Ndege wanamaliza kwa wa kwanza, wanahamia kwa wa pili. Watakaa hapo wiki 10, na kila mtoto atalinda shamba la kwao wiki 4 bila siku ya kupumzika. Lakini jamaa zile 4 zikipanda katika wiki moja, tena mbegu ya aina moja, mpunga unakomaa pamoja. Ndege wanagawanyika katika mashamba yote, hasara ya kila mmoja inapungua, na ulinzi unaisha kwa wiki 4 au 5. Jengeni kibanda kimoja katikati, mfunge kamba zenye makopo mpaka mashamba yote. Mtu mmoja akivuta, pote panalia. Hapo zamu ya kila jamaa ni siku 1 katika siku 4: siku 28 za mtoto zinakuwa 7.

Tena ndege hawali kwa nguvu siku nzima. Wanakuja zaidi asubuhi mpaka saa ya tatu, na jioni tangu saa ya tisa. Asubuhi ni saa ya masomo, kwa hiyo zamu ile ishikwe na mtu mzima. Mtoto mkubwa anaweza kusaidia jioni ya zamu yao tu.

Jambo la pili: koperative ichague alasiri 2 kwa wiki, siku zisizo za soko, tangu saa ya nane mpaka saa ya kumi. Ziandikwe katika kaye kama vile kazi ya pamoja inavyoandikwa. Mama 2 wanabaki na watoto, wengine wanaenda shambani. Anayebaki ahesabiwe siku ya kazi kamili, na shamba lake lilimwe kama la wengine. Ni kama likelemba, lakini badala ya franka tunachangia muda. Bila kuandika, mama mmoja mwenye moyo mwema atabaki kila mara, na magugu yatamaliza muhogo wake.

Jambo la tatu: wasichana. Mara nyingi kijana anapiga mpira wa majani ya ndizi, na dada yake anasimama pembeni na mtoto mgongoni. Siku zile 2, wale mama wa zamu wapokee watoto wachanga, ili wasichana nao wacheze nzango na kuruka kamba.

Mahali pa kuchezea pachaguliwe kwa macho ya mkulima. Pawe na kivuli, mbali na mto na visima vya kuloweka muhogo. Pasiwe na chupa za dawa ya shamba wala mashimo ya machimbo. Muhogo mchungu mbichi usiachwe karibu, una sumu. Na watoto wafundishwe: wakiona chuma wasichokijua katika majani, wasikiguse, waite mtu mzima.

Tunajua wengine watasema watoto wakikusanyika wataharibika. Lakini mtoto asiyekuwa na wenzake kijijini anawatafuta kwenye machimbo ya kasiterite na dhahabu, na kule hakuna mama wa zamu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mkutano ujao, kabla ya kugawa mbegu, prezida aulize maswali 3: tunapanda wiki gani, kibanda cha ndege kinajengwa wapi, na alasiri gani ni ya watoto? Majibu yaandikwe siku ile ile, maana mbegu ikisha kuingia katika udongo, kalenda ya watoto nayo imekwisha kupangwa.