Moyo Wote, Si Nusu

Neno letu latoka Mithali, mlango wa 3, mstari wa 5 na wa 6. Hapo baba amfundisha mwanawe kwamba moyo unaomtumaini Mungu haugawanywi.

Huku kwetu Matungu somo hili lina sura ya shamba. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973, nyumba nyingi zilipanda miwa hata karibu na mlango. Muwa hukaa shambani miezi 18 hivi au zaidi kabla ya kukatwa, na muda huo wote karo, dawa, hata mahari, viliwekewa ahadi kwa malipo yajayo. Mwaka 2019 kiwanda kikatiwa mikononi mwa msimamizi aliyewekwa na benki kwa sababu ya madeni. Ndipo wengi wetu tulipotambua tulikuwa tumeegemea wapi.

Je, kupanda miwa ni kosa? La, hasha! Mithali hiyo hiyo, mlango wa 6, yamtuma mvivu akajifunze kwa mdudu chungu. Akili ni zawadi ya Mungu, nasi yatupasa kuitumia. Lakini fimbo ni ya kumsaidia mtu kutembea. Akiiegemea kwa uzito wake wote, siku itakapovunjika naye ataanguka. Mazao, mshahara, na watoto wenye vyeo ni fimbo. Uzito wote wa moyo ni wa Bwana peke yake.

Twajuaje basi kwamba twamtumaini kwa moyo wote? Mstari wa 6 wataja njia zetu zote, si njia ya kanisani tu. Njia ya sokoni imo: mama apimaye mahindi aijaze gorogoro sawasawa, hata siku ambayo wanunuzi ni haba. Njia ya shule imo: baba aliyekosa karo aende kwa mwalimu mkuu aseme kweli, asijifiche. Njia ya usiku nayo imo: kuomba Jumapili na kumwendea mganga Jumatatu ni kuugawa moyo.

Mungu hakutuahidi kwamba kila tunachodai tutalipwa. Ametuahidi kutuongoza njiani. Yeremia, mlango wa 17, amfananisha mwenye tumaini hili na mti ulio kando ya maji. Tazameni miti ya ukingo wa mto Nzoia. Kiangazi huifikia kama miti mingine, bali mizizi yake hunywa mahali pasipoonekana.

Basi juma hili kila nyumba ijiulize: ni jambo gani tumelizuia tusimkabidhi Bwana? Tulitaje mbele zake, kisha tuinuke tushike jembe.

Tuombe. Ee Bwana, waijua mioyo yetu iliyogawanyika. Iunganishe, uishike yote, leo shambani na kesho sokoni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.