Je, Wajua? Fedha za Ibada za Wayahudi, Karafuu na Hirizi

JE, WAJUA kuwa karafuu ina nafasi yake katika ibada ya Kiyahudi? Jumamosi usiku, Sabato ikiisha, familia hupokezana kikebe cha fedha chenye vinukio na kila mmoja akanusa. Mapokeo husema Myahudi hupewa roho ya ziada siku ya Sabato, na roho hiyo ikiondoka, harufu nzuri humliwaza aliyeachwa. Ulaya, kikebe hicho kilipendwa kwa umbo la mnara: vidirisha, kengele, hata kibendera juu kabisa. Ndani mara nyingi ni karafuu na mdalasini. Na kwa kuwa katika karne ya 19 soko la karafuu lililishwa sana na Unguja na Pemba, huenda minara kadhaa ya Ulaya ilinukia shamba la Pemba.

Usiku huohuo wapo wanaochovya kidole katika divai ya baraka na kugusa nacho kope. Wengine hugusa na mifuko, wapate riziki wiki nzima.

JE, WAJUA kuwa mingi ya minara hiyo ilifuliwa na Wakristo? Katika miji mingi ya Ujerumani vyama vya mafundi havikumpokea Myahudi, kwa hiyo sinagogi ilipotaka chombo ilikwenda kwa sonara wa Kikristo. Frankfurt, mwanzoni mwa karne ya 18, Jeremias Zobel na Johann Adam Boller walifua vyombo vya Kiyahudi ambavyo leo vinawindwa na majumba ya makumbusho.

Yemen mambo yalikuwa kinyume: Wayahudi ndio waliokuwa masonara, na bibi harusi wa Kiislamu alivaa kazi ya mikono yao. Fedha yao waliipata kwa kuyeyusha sarafu za Maria Theresa, mtawala wa Austria, zenye mwaka 1780 hata zikipigwa miaka mia baadaye, sarafu zilezile zilizozunguka Zanzibar. Malkia huyo ndiye aliyeamuru Wayahudi wa Prague wafukuzwe, mwishoni mwa 1744. Sura yake ikaishia katika moto wa sonara wa Kiyahudi! Mwaka 1949 na 1950 Wayahudi wapatao 49,000 wa Yemen walisafirishwa kwa ndege hadi Israeli, na masonara wakaondoka nao.

JE, WAJUA kuwa hirizi za fedha zilikuwa kinga ya mzazi na mtoto mchanga? Aliyeogopwa ni Lilithi, jini la kike linalosemekana kuua watoto. Dawa yake ilikuwa majina ya malaika watatu, Senoi, Sansenoi na Semangelofi, yaliyoandikwa na kuwekwa karibu na mama. Italia ya karne ya 18 ilitengeneza vibweta vya fedha vya hirizi vya kutundika juu ya susu, vizuri ajabu. Mwanachuoni Maimonides, wa karne ya 12, aliwakejeli waandika hirizi. Kina mama waliendelea kutundika.

JE, WAJUA kuwa mtoto wa kwanza wa kiume “hukombolewa” kwa kuhani kwa shekeli tano, takriban gramu 100 za fedha, akifikisha siku 31? Hulazwa kwenye sinia la fedha lililozungushiwa vito vya wanawake, vipande vya sukari na vitunguu saumu. Wageni huondoka na sukari na kitunguu, wakatie chungu kizima nyumbani, ili baraka ya karamu ifike kwa wengi.

Tunda la jamii ya limau linalobebwa Sikukuu ya Vibanda nalo lina kasha lake la fedha. Makasha mengi ya kale yalianza maisha kama vikopo vya sukari. Sikukuu ikiisha, mjamzito aliing'ata ncha ya tunda, akiomba uzazi mwepesi.

JE, WAJUA kuwa gombo la Torati huvikwa makomamanga ya fedha yenye njuga, kama pindo la joho la kuhani mkuu katika kitabu cha Kutoka? Jozi maarufu ya karne ya 15 kutoka Cammarata, Sicily, ambako Wayahudi walifukuzwa, imo katika kanisa kuu la Palma de Mallorca. Jozi nyingine, ya Myer Myers, sonara wa New York, iliwapeleka mahakamani Wayahudi wenyewe: makumbusho ya Boston yalitaka kuinunua kwa dola milioni 7.4 kutoka sinagogi nyingine iliyokuwa nayo, na mwaka 2017 mahakama ya rufani ikaamua kuwa ni mali ya sinagogi ya New York.

Mnunuzi, tahadhari. Herufi ya Kiebrania iliyokosewa si lazima iwe ushahidi wa ughushi, kwani fundi Mkristo alinakili asichoweza kusoma. Tilia shaka zaidi kikombe cha kawaida kilichochakaa kote, ilhali maandishi yake ya Kiebrania yangali makali kama yamechongwa jana.